Shetani wa Plasta Avuke Bahari

Alhamisi, 26 Oktoba

Eduvige, mke wangu,

Habari kubwa! Serikali inapeleka vinyago vya ngoma yetu ya mashetani ya Oruro kwenye maonyesho huko Ureno. Amekuja mama mmoja kutoka La Paz kusimamia, Bibi Arteaga, mpole, koti jeupe. Kila mtaa unatoa kinyago kimoja. Cha mtaa wetu kimeshachaguliwa. Si chako. Ni cha mdogo wako Fortunato. Lile shetani lake la bati!

Linang'aa kama sufuria mpya. Na roho yake ni ya sufuria.

Chako kiko juu ya kabati, palepale ulipokiacha. Plasta, macho ya balbu zilizoungua, meno ya vipande vya kioo. Nyoka wa kwenye paji ulimpaka rangi ukiwa umeshaanza kukohoa. Ulikuwa ukilamba plasta kidogo kujua kama imekauka. Nikikukataza, unasema supu yangu ni mbaya zaidi na bado unainywa.

Jumatano ni Watakatifu Wote. Saa sita mchana utakuja mezani pamoja na marehemu wengine, mara yako ya kwanza tangu uondoke. Utauliza habari za nyumbani. Nikuambie nini? Kwamba mbuzi wa jirani amekula pazia? Nataka nikuambie: shetani wako amevuka bahari, na chini yake wameandika jina lako. Sisi Wabolivia tulionyang'anywa bahari vitani, yeye aivuke!

Nina mpango.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mpango: kumkaribisha Bibi Arteaga anywe api ya moto, ile ya mahindi ya zambarau. Kinyago nikining'inize mbele ya kiti chake, nikifunike kwa kitambaa. Akishapata joto la mahindi na mdalasini, nivute kitambaa. Atashangaa. Atalia, pengine.

Alishangaa. Nilivuta, balbu zikamkodolea macho, akaruka, na api yote ikaishia kwenye koti. Zambarau! Haitoki, wewe unajua.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma. Alikitazama kinyago chako muda mrefu, akasema ni kizuri sana, lakini plasta haiwezi safari, na zamu ya mtaa wetu imeshakwisha. Akaondoka akiwa ameukumbatia mkoba wake kifuani kuficha doa.

Fortunato alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Shemeji, huyo umempaka rangi vizuri. Mpeleke yeye Ureno."

Jumatatu, 30 Oktoba

Mpango wa pili. Huu hauna api.

Sanduku la safari liko karakanani kwa Fortunato, la mbao, limeachwa na mianya ya kupitisha hewa. Halijapigiliwa misumari. Baada ya chakula cha mchana Fortunato hulala, na akilala hata bendi nzima haimwamshi. Nikaingia. Nikatoa bati, nikaweka plasta, nikaizungushia blanketi lilelile. Nikaiambia iwe na adabu.

Nikarudi na shetani la bati mgongoni, nimelifunga kwenye shuka. Pembe zinagongana kila hatua. Jirani yetu Nicolasa akauliza nimebeba nini. Nikasema sufuria. Akafurahi sana. Akaniomba nimwazime, ana unga mwingi wa kukanda kwa ajili ya mikate ya marehemu. Nikasema imetoboka. Akasema basi atanitafutia fundi.

Shetani sasa yuko chini ya kitanda. Nicolasa amekuja na fundi mara mbili.

Jumanne, 31 Oktoba

Ewe Eduvige!

Nilisahau desturi ya kunyunyizia bia. Mimi! Mtu niliyemwagia bia kila pikipiki, kila cherehani na kila jiwe la msingi mtaani hapa! Kuna kitu gani kinachotoka Oruro kabla Mama Ardhi hajanywa, nacho chenyewe hakijanyweshwa? Leo ni Jumanne, siku yake hasa. Lori likafika, watu wakafika, tarumbeta zikafika, makasha ya bia yakafika. Na mkubwa wa umri ndiye anayeanza. Wakanipa chupa.

Nikadondosha tone kwenye kila pembe ya sanduku.

Halafu Nicolasa, kwa sauti ya soko zima: "Policarpio, unamnywesha Mama Ardhi au unamtia dawa ya macho?"

Wakapiga kelele niongeze. Nikamwaga chini, mbali, kwenye viatu vyangu. Wakasema shemeji mtu ana wivu, anaitakia safari ya mwenzake mkosi. Fortunato akaninyang'anya chupa. "Bati halina neno," akasema, "bati likinywa linapendeza!" Akaelekeza bia kwenye mianya.

Nikalala juu ya sanduku. Kifudifudi. Bia ikanipita shingoni, ikaingia vilevile.

Basi wakafungua. Pembe ya kushoto imelegea kama sikio la ng'ombe. Rangi ya pembeni mwa macho imeteremka mashavuni. Fortunato hakunitazama mimi, alikitazama kinyago. Akavua kofia.

Bibi Arteaga, na doa lake, alisema kwa upole kwamba lori haliwezi kungoja. Nikawaonyesha lilipo, wakalitoa lile bati chini ya kitanda changu mbele ya Nicolasa na fundi wake. Hakuna aliyenipiga. Ingekuwa afadhali.

Jumatano, 1 Novemba

Saa sita umefika. Nimejua kwa mshumaa, uliinama bila upepo.

Umeona meza: mikate, api, majani ya koka, yale maharage unayoyapenda. Na shetani wako, pembe nimeiegemeza kwenye muwa. Naomba radhi. Alikuwa aende mbali.

Fortunato alikuja. Nilidhani anakuja kugombana, nikasogeza glasi zile nzuri. Akakusalia, akaketi, akala. Halafu akauliza: usiku ule nilipolala juu ya kinyago chake, sikukigeuza?

Sikukigeuza.

Ndani, panapogusa paji la mchezaji, alichora kwa msumari, zamani, hata Ureno haijatajwa: "Eduvige Yucra alinifundisha." Anachora hivyo kwenye kila kinyago anachotengeneza. Hajawahi kumwambia mtu.

Nikasema kule watakitundika ukutani, hakuna atakayeona ndani.

"Dada hakupenda kutazamwa," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimtazama. Mjinga we, shemeji. Nipe mkate."

Tulikaa. Nikammegea mkate mkubwa. Nimewaza jina lako likiwa gizani, ndani ya bati, juu ya bahari.

Alhamisi, 2 Novemba

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Nimetafakari sana, na nimejifunza: kosa lilikuwa bia.

Maana Bibi Arteaga ameaga leo, na ameniambia mwakani ni Japani. Japani! Pembe nitaitengeneza. Plasta nitaipaka lami ya kuezekea, tabaka mbili. Bia nitaificha mapema. Na kinyago chenyewe kitasafiri ndani ya sufuria ya Nicolasa, ile kubwa. Nani atafungua sufuria? Nimeshamwomba aniazime. Ameuliza yangu imekuwaje.

Saa sita inakaribia, lazima urudi. Nimekufungia mkate na koka za njiani, na muwa wa kuegemea. Shetani nitambakisha, tuna kazi.

Nenda polepole, Eduvige. Ukifika huko, unikumbuke.