Baba Mdogo wa Kukodi

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba

Siku ya tisa ya ndoa. Mke wangu Joanita ni mzuri kuliko picha yake, na picha yake ilikuwa nzuri. Mimi Darius, muuza mawese wa soko la Rumonge, nimefika Kigoma, Tabora na Dar es Salaam (Dar nilipita tu, lakini nilipita). Nimesoma mpaka nusu ya darasa la saba, kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Mtu kama mimi hababaiki ovyo. Leo nimebabaika.

Sababu ni siri. Naiandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuisema.

Kabla ya mahari, baba mkwe wangu, Diakoni Casimir wa Magara, aliuliza nani atanisemea. Kwetu bwana harusi hajisemei. Anakaa kimya kama mbuzi wa sikukuu, baba yake au baba mdogo anasimama, anaongea habari za ng'ombe kwa Kirundi kirefu, upande wa pili wanajibu, watu wanapiga makofi. Sasa mimi baba sikumjua. Mama tulimzika Mtabila. Kutoka uhamishoni nilirudi na ndoo na blanketi. Ningesema tu: Mzee, sina mtu. Nikasema: Mzee, baba mdogo yuko, tena mtu mkubwa sana!

Ikabidi nikamtafute. Nilimpata Kigwena, kwenye mashine ya kukamua mawese. Mzee Lukeba, Mkongomani wa mji wa Baraka. Mrefu, mvi safi, sauti kama ya redio. Nikamvalisha kositimu ya kijivu, koti na suruali. Kirundi chake ni salamu na asante, amahoro na murakoze, basi. Nikamfundisha kukohoa kila akikwama. Siku ya mahari alikohoa vizuri mpaka wamama wakamletea tangawizi. Niliwaeleza kwamba uhamisho ulimwondolea lugha. Walimhurumia!

Joanita anajua. Tuliapa wawili, mkono juu ya Biblia, kwamba haitatoka. Casimir akigundua, atamrudisha binti yake Magara siku hiyo hiyo. Ni mtu aliyemtoa mpiga ngoma kwenye kwaya kwa kudanganya umri.

Na leo saa kumi mlango unagongwa. Lukeba! Na kositimu, na mkeka, na begi. Eti baba mudogo amekuja kuona watoto yake.

Jumanne, tarehe 9

Amekaa kwenye kiti changu. Amekula kichwa cha mukeke, samaki wetu wa ziwani, sehemu yangu tangu niwe na akili. Asubuhi alinifuata sokoni, akaonja mawese yangu kwa kidole mbele ya wateja, akatikisa kichwa. Akasema mutoto huyu anachemusha haraka, hakuna uvumilivu. Mteja mmoja akasema afadhali mzee amesema. Nilicheka. Kucheka kwenyewe kuliniuma mbavu.

Jioni nikamwita nje kiume. Nikamwambia kazi yake iliisha siku ya mahari, Kigwena wanamhitaji. Hakukasirika. Alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo linanitisha. Akaniuliza: "Weye unanifukuza, miye baba yako mudogo? Haya. Ngoja kwanza nimuulize Diakoni kama iko vizuri."

Damu ilinishuka mpaka kwenye kandambili. Nikamwambia nilikuwa natania. Akasema anajua, natania kama marehemu baba yangu.

Baba yangu! Mimi mwenyewe simjui, yeye anajua utani wake!

Alhamisi, tarehe 11

Tunaishi na bomu, na bomu linataka chai na maziwa.

Mpango wa kwanza: achoke mwenyewe. Nilimwambia Joanita apike bila chumvi siku tatu. Akaweka chumvi. Nikauliza kwa nini. Akasema mzee wa watu amekosa nini? Kisha akamfulia soksi.

Domitille, jirani yetu, ambaye masikio yake yanafika mpaka bandarini, amenisifu kupitia juu ya ukuta. Kumbe na wewe una watu, Darius! Sisi tulifikiri umeota tu kama uyoga. Nikajibu kwa kiburi kwamba ukoo wetu ni mkubwa, hawa ni wachache waliopata nafasi.

Lakini kuna jambo baya zaidi. Mchana nilirudi kuchukua bidoni ya mawese, nikamkuta Joanita nyuma ya nyumba na simu. Anaongea chini chini. Nikasikia: "Hapana, Baba. Bado hajui." Aliponiona alikata. Nikauliza nani hajui nini. Akasema ni habari za kwaya.

Sijalala vizuri. Upande wangu wa kulia mke anayeficha simu. Nyuma ya ukuta mzee anayekoroma kwa amani kama mwenye nyumba. Nani hajui? Nini?

Ijumaa, tarehe 12

Akili imerudi! Mpango mkubwa!

Lukeba ana dada yake huko mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa, hajamwona miaka sita. Nikamwambia familia ni familia, aende akakae mwezi mzima, boti inaondoka leo. Nikampa bidoni nzima ya mawese ampelekee. Mawese mazuri, si yale ya wateja.

Mzee akalia. Sikupanga hilo. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema tangu kijana wake azame hapo ziwani hakuna mtu aliyemfungia mzigo wa safari. Nikaona aibu kidogo. Nikamwongezea sabuni na mkate.

Nikamsindikiza bandarini. Akapanda. Nikapunga mkono mpaka nikaona kazi imekwisha, nikaondoka bila kungoja mota iwake. Leo nimekula kichwa cha mukeke. Joanita hakula.

Jumamosi, tarehe 13

Asubuhi ya furaha imeishi saa mbili.

Casimir alipiga simu. Amefurahi mno na baba yangu mdogo, anataka kesho aje Magara atoe ushuhuda kanisani, na mwezi ujao, na Krismasi. Nikasema amesafiri. Akasema atangoja. Nikasema atakaa sana. Akasema basi nimpe namba yake, ataongea naye kila jioni, wazee wanahitajiana.

Nikaona maisha yangu yote mbele: mimi na baba mdogo wa kukodi mpaka uzee wangu, nikimnunulia kositimu nyingine. Na ndipo wazo lile likanijia, zuri, safi. Ni nani asiyetoa ushuhuda? Ni nani asiyepokea simu?

Nilisimama karibu na ukuta wa Domitille nikashika kichwa. Akauliza nini. Nikasema habari mbaya kutoka Baraka. Baba mdogo. Tumbo. Ghafla.

Nilifikiri habari itatembea polepole, watu waseme pole, basi. Mimi mtu wa kambi! Kule mtu alikufa asubuhi, mchana tumerudi kwenye foleni ya mahindi. Nilisahau kwamba hapa kifo kina wenyewe. Kabla jua halijasimama katikati, turubai limefungwa kwenye mti wangu, viti vya kanisa vimefika, wamama wanapika maharage kwenye sufuria ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Domitille anagawa kazi kama shefu wa kolini, mkuu wa kijiji.

Joanita alitoka ndani, akaniuliza kwa macho. Hapa naandika ukweli, maana daftari si Diakoni. Ningeweza kumvuta kando, nimwambie: ni uongo, mke wangu, mzee iko salama. Lakini nikafikiri, machozi ya kweli yataonekana vizuri zaidi mbele ya baba yake.

Nikamwambia: ndiyo, amekufa.

Akaanguka pale pale kwenye mchanga. Alilia mpaka sauti ikakatika. Nikamfuta machozi kwa shati langu. Nilimfuta vizuri sana. Watu walisema tazama mume anayependa.

Jumapili, tarehe 14



Casimir alifika na lori, kwaya nzima nyuma, sare nyeupe. Akanikumbatia kwa muda mrefu. Akasimama akaongea juu ya Lukeba, maneno mazuri, kwamba kuna watu wanaokuja kusimama na wewe siku moja tu na siku hiyo inatosha. Nikaanza kulia. Mwanzoni nililia kwa mpango. Halafu kwaya ikaimba, nikamkumbuka mama. Yeye alizikwa na watu wanne na jembe la kuazima. Hakukuwa na kwaya. Hakuna aliyesema neno, tulikuwa tunaogopa mvua. Basi nikalia kweli, kwa kelele, mpaka mzee mmoja akanishika nisianguke.

Na hapo, kwenye njia ya bandarini, akatokea mtu wa kositimu ya kijivu, bidoni mkononi.

Boti haikuondoka! Hakuna esansi ya kuwasha mota. Siku mbili amelala bandarini akingoja, halafu akaona arudi kwa watoto yake.

Alipoona watu wanaomboleza akafanya kama mtu mstaarabu. Alivua kofia. Akaweka bidoni chini. Akakaa kwenye kiti cha nyuma, akainamisha kichwa, akaanza kulia na wenzake. Kisha akamgusa bega mama aliye mbele yake akamuuliza taratibu ni nani amekufa.

Mama huyo alikuwa Domitille.

Hakupiga kelele. Aliondoka. Kandambili zake ziko hapa bado. Kwaya iliishia katikati ya ubeti, sauti moja moja, kama redio inayoishiwa betri. Joanita alitazama. Alikimbia akamkumbatia Lukeba, akamshika uso, mikono, masikio. Halafu akageuka akanitazama mimi. Ningependa kuwa mahali pengine popote, hata Dar.

Casimir hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Aliniambia: mukwe wangu, mimi nilijua tangu siku ya mahari. Nimeona wapi mzee wa Kirundi asiyejua ng'ombe anaitwaje? Na hata kabla ya hapo nilijua, Joanita aliniambia wiki nzima kabla, alishindwa kunidanganya. Nikamwambia anyamaze, tukuache utuambie mwenyewe ukiwa tayari. Kila jioni namuuliza, amejua kwamba sisi tunajua? Ananijibu bado hajui. Mtoto asiye na watu akitafuta wa kusimama naye, hilo si kosa mbele yangu. Ningekupa hata mimi mwenyewe nikusemee.

Kisha akasema: lakini binti yangu amelala chini usiku kucha anamlilia mtu mzima wa afya, na wewe umekaa hapo unamfuta machozi.

Na aliyemfuta ni mimi. Mimi!

Joanita alifunga nguo kwenye kitenge. Mlangoni alisema maneno mawili tu: "Ungeniambia mimi." Casimir akaweka sharti lake mbele ya wote. Niende Magara, siku yoyote, kwa miguu yangu, peke yangu, bila msemaji. Niseme kwa mdomo wangu mimi ni nani na nimefanya nini. Mlango uko wazi hata kesho asubuhi. Wakapanda lori.

Watu wakabeba viti vyao. Tukabaki wawili chini ya turubai. Lukeba akauliza kitu kimoja. "Nilikufa na nini?" Nikasema tumbo. Akafikiri. Akala maharage ya matanga yake, sahani mbili. Nikamwomba msamaha, nikamwambia abaki. Akasema hapana, mutoto wangu, nyumba iliyokulilia ni vigumu kulala ndani yake. Kositimu anabaki nayo, maana mtu hazikwi uchi. Akaniachia mawese. Akashika njia ya Kigwena.

Jumatano, tarehe 17

Nyumba kimya. Nimepika ugali, umeungua chini na juu ni maji. Kiti changu nimekipata, hakina raha. Kichwa cha mukeke kimenitazama, nimempa paka.

Jana nilioga, nikavaa shati la harusi, nikafika mahali pa basi za Magara. Basi ikaondoka. Ikaja nyingine. Ikaondoka. Nilikuwa natafuta sentensi ya kwanza. Naitwa Darius, halafu? Sina mtu, halafu? Leo pia. Kondakta sasa ananisalimia kwa jina. Ningekuwa na nusu ile nyingine ya darasa la saba, labda hiyo sentensi iko humo.

Joanita ametuma ujumbe. Baba anasema Jumapili baada ya ibada. Ametenga mahali pako pia. Njoo peke yako, Darius. Nimeusoma mara thelathini. Nimemjibu: nakuja peke yangu.

Na nilikuwa nasema kweli. Mungu anajua nilikuwa nasema kweli mpaka saa tisa.

Ijumaa, tarehe 19

Tumaini!

Huko sokoni, upande wa sabuni, iko mama mmoja anaitwa Clotilda, juzi saa tisa ndipo nilipomsikia akisalimia. Mjane, mnene, heshima tupu. Amezaliwa Bururi juu, Kirundi chake cha ng'ombe ni cha kiwango cha juu, akisalimia tu watu wanasimama. Hajawahi kukohoa. Kosa la kwanza lilikuwa Lukeba, nimelichunguza nikaliona: mwanamume, Mkongomani, tena mbali na mambo ya moyo. Kuomba msamaha ni kazi ya shangazi. Kila mtu anajua hilo.

Nimemfundisha tangu asubuhi. Jina la mama yangu. Kambi. Surua yangu ya utotoni. Sehemu ya kaburi nilimwambia yote, hata ile mvua. Alilia bila kuambiwa, akaniita mwanangu, na kwa dakika nzima nilisahau kwamba ni wa kukodi.

Ameuliza kama sharti halisemi niende peke yangu. Nikamweleza kwamba shangazi hahesabiwi.

Kwa hiyo Jumapili, basi ya kwanza. Nitasimama mbele ya Casimir kama mwanamume, bila uongo, kama alivyotaka. Tutakuwa wawili tu: mimi peke yangu, na shangazi.