Makoti Matatu ya Winston

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeona kifo changu kimetundikwa kwenye henga ya nguo. Kimepigwa pasi.

Nieleze taratibu. Mimi ni Winston. Kanisani, sokoni, kwa kinyozi, wote huniita Winston, ingawa mama kule Machakos alinipa jina la Barnabas. Tangu 1999 nasukuma vitanda katika hospitali isiyotibu mtu. Ni ghala moja la Digbeth, huku ughaibuni, lililopakwa rangi nyeupe, ambamo tamthilia yetu hurekodiwa. Madaktari wamekuja na kwenda. Wengine wameolewa, mmoja aliangukiwa na helikopta. Mimi nasukuma kitanda, nasema kwa lafudhi ya Kijamaika, maana Winston wa tamthilia ni Mjamaika, "Nipisheni, jamani, nipisheni," natokea upande wa pili. Ndiyo maneno yangu yote. Ukiyadharau, jaribu kuyasema wewe miaka yote hiyo.

Na miaka yote hiyo nina koti moja la buluu. Sukhvinder wa mavazi amelitia viraka viwikoni hadi viraka vimetiwa viraka. Leo naingia chumbani kwake, nakuta makoti mapya ya kipimo changu. Matatu! Yanafanana! Na kwenye kazi yetu kila mtu anajua: ukishonewa nguo moja, unaishi. Ukishonewa tatu, utavuja damu, maana kila wakirudia kurekodi wanataka safi. Yule daktari wa helikopta alishonewa tatu.

Nikamuuliza Sukhvinder. Akageuka, akajifanya anatafuta pini. Akasema bosi wa tamthilia amemwapisha asiseme neno.

Nimerudi nyumbani Castle Vale, ugali haupiti. Roselyne, mke wangu, ambaye ni nesi wa kweli, amesema huenda koti la zamani limechakaa tu. Nikamwambia yeye hajui mambo ya hospitali. Akanitazama sana.

Jumanne, 4 Machi

Mtu asiyeuawa ni mtu mwenye mambo mengi. Hiyo ndiyo mbinu. Kwa hiyo leo, kamera zikiwaka, nimesimamisha kitanda nikamwambia mgonjwa kwamba nina binti aliyepotea Kingston, kwao Winston, na kwamba ananitafuta. Mwongozaji akasema vizuri sana, sasa turudie bila binti. Nikarudia na mapacha. Mara iliyofuata mgonjwa mwenyewe aliinuka kitandani, akaniomba nisukume tu.

Pembeni Amour anacheka, na saumu yake ya Ramadhani! Huyu ni Mzanzibari, anacheza muuza magazeti wa pale langoni mwa hospitali. Anadai yeye ndiye mkongwe kuliko mimi, ati kipande chake cha kwanza kilirekodiwa kabla ya changu, ila kilichelewa kuonyeshwa. Tumebishania hilo tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Na leo nimemwona ananong'ona na bosi. Nilipokaribia, kimya! Amour akaniita ndugu yangu, akanikaribisha futari kwake Balsall Heath. Ati nina sura ya mtu asiyekula.

Nimekataa. Amour hajawahi kunialika bila sababu.

Jumatano, 5 Machi

Usingizi hakuna. Sema ukweli, Barnabas: unaogopa. Bila Winston mimi ni mzee mmoja mwenye goti bovu anayengoja basi. Nani ataniajiri? Najua sentensi moja. Na mama je? Kila jioni jirani humpelekea simu amwone mwanawe kazini. Mama huvibariki vile vitanda kimoja kimoja. Nitamwambia nini?

Halafu, nikikoroga chai, wazo! Wakenya wa hapa, mtu akifa, hawangoji. Kundi la WhatsApp linafunguliwa papo hapo. Sufuria zinatoka. Kwaya inajaa sebuleni kila jioni hadi mwili upate safari ya nyumbani. Basi nitamfanyia Winston matanga kabla hajafa! Bosi akiona mji mzima unamlilia, atathubutu kumgusa?

Nimefungua kundi. Nimeliita "Buriani Winston". Nimeweka picha yangu nikiwa na koti, na mshumaa. Nimeandika wazi kwamba anayeuawa ni yule wa kwenye televisheni. Lakini nimeandika mwishoni, na nani husoma hadi mwishoni?

Roselyne yuko zamu. Hana haja ya kujua kila kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Wueh! Watu! Viatu vimefika hadi kwenye lifti. Achieng wa kwaya ameleta waimbaji na sufuria mbili za chapati. Wengine walinikuta mlangoni wakapiga yowe. Nilipowaeleza, walikaa vilevile, maana chapati zilikuwa tayari. Pasta Mark alimwombea marehemu huku jicho moja likiwa wazi linaniangalia mimi. Mtu akarusha yote mtandaoni kwa simu. Safi! Hesabu zinaenda kama nilivyopanga.

Kisha akaja Amour na sahani ya sambusa, ametoka kufuturu. Akasimama kuzungumza. Yarabi, mtu yule anajua kusema! Alisema Winston alisukuma vitanda kwa adabu, hakuwahi kumgonga mtu na gurudumu. Watu walilia. Mimi mwenyewe nililia. Halafu akamalizia kwamba marehemu alimkuta yeye kazini.

Nikasimama nipinge! Achieng akanikalisha, akasema mfiwa hagombani mbele ya picha.

Ndipo Roselyne akaingia, bado ana sare ya kazi, simu mkononi, uso siuelewi. Hakuuliza watu ni wa nini. Alinipa simu tu. Kule Machakos wameona ile video. Picha yangu, mshumaa, kwaya. Jirani alimpelekea mama simu yake kama kila jioni. Mama alianguka.

Nikashika simu. Nasikia pumzi tu. Nikasema, Mama, ni mimi. Naomba Mungu asinichukulie mama kwa ujinga huu. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, mbona nilikufa bila kumuaga.

Nikamweleza kwamba anayekufa ni Winston, si mimi. Akafikiri. Akauliza, kama Winston si mimi, basi yule anayemwombea kila jioni ni nani? Nililia hadi watu wakavaa viatu.

Roselyne amelala akinipa mgongo. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ameamka, amekunywa uji. Asante, Mungu. Naapa sitabuni tena jambo lolote maishani mwangu.

Bosi aliniita. Alikuwa ameshaiona video. Akanieleza polepole, mtu anavyomweleza mgonjwa.

Makoti matatu hayakuwa ya damu. Yalikuwa ya maji. Winston alikuwa aruke kwenye mfereji ulio nyuma ya ghala, amwokoe mtoto, na kila wakirudia wangenihitaji mkavu. Kipindi kizima changu! Winston angezungumza, angepewa nishani, angeoa. Ilikuwa zawadi yangu ya miaka yote hii, ndiyo maana Sukhvinder aliapishwa. Na aliyemwendea bosi kumwomba nipewe kipindi hicho ni Amour.

Nikaketi. Hakukuwa na kiti. Nilikaa kwenye kitanda cha wagonjwa.

Nikauliza basi tunaendelea, sivyo? Bosi akasema hapana. Ati wakubwa wameona kilio cha jana, hawajawahi kuona watu wakiguswa namna ile. Wameipenda. Kwa hiyo Winston atazama kweli. Amour atamwokoa mtoto. Kisha bosi akanishukuru kwa wazo zuri.

Jumatatu, 10 Machi

Tumerekodi mfereji. Maji ni barafu iliyosahau kuganda. Nikaruka, nikazama, nikaibuka nikapunga mkono. Bosi akasema Winston haibuki. Wakanivika koti la pili. Nikazama, nikaibuka nikapiga kelele, "Nipisheni!" Bosi akavua miwani. Koti la tatu. Niliibuka nimeshika ngazi. Mwili ulikataa, mimi sikuwa na neno.

Makoti makavu yakaisha. Sukhvinder akaenda, akarudi na lile la zamani, lenye viraka. Akanifunga vifungo mwenyewe. Safari hiyo nilizama. Nilikaa chini hadi masikio yakavuma. Nilimuaga Winston.

Amour akaruka, midomo ameibana saumu isiharibike, akamtoa mtoto, ambaye ni mwanasesere. Akarudia tena na tena, kila mara koti kavu, bila kulalamika. Baadaye akanifunika blanketi na kukiri kwamba mimi ndiye mkongwe, hadithi ya kile kipande chake aliizua tu. Nilimkumbatia. Nilimpigia mama nikamwambia Winston amestaafu. Akauliza kama nimekula.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kuchukua vitu vyangu. Nimetulia, mtu mpya kabisa. Nimepita chumba cha mavazi kumuaga Sukhvinder. Hayupo. Na pale, kwenye kamba, juu ya ndoo, nimeona makoti ya Amour ya kuuzia magazeti.

Matatu! Yanafanana! Yanadondosha maji!

Maskini Amour! Amenitetea, amenifunika blanketi, na hajui kinachomngoja. Bosi akapita, nikamtazama usoni, akatazama pembeni. Basi! Sihitaji ushahidi mwingine. Simwachi rafiki yangu afe hivihivi.

Nimefungua kundi. Nimeweka picha yake na mshumaa. Achieng ameshauliza chapati ngapi. Nimemwambia safari hii tuanze baada ya futari, na tupike na pilau, maana marehemu ni Mzanzibari.