Miche Yangu Mirefu ya Ndani ya Nyumba

Leo nimeumbuka. Nawaandikia ninyi wenzangu tuliosoma ualimu pamoja kwa sababu habari itawafikia tu, na heri muisikie kwangu kabla haijatiwa chumvi. Ingawa kwa kweli hakuna chumvi ya kuongeza.

Mnaujua mshahara wetu. Kila mwalimu hapa Same ana kazi ya pembeni. Mmoja anakaanga maandazi, mwingine anauza mitumba, na mkuu wa shule anafuga kuku kwenye stoo ya vitabu (vitabu vyenyewe havipo, kwa hiyo kuku hawamsumbui mtu). Mimi, mwalimu wa baiolojia, nikaamua kuotesha miche ya nyanya ndani ya nyumba, chini ya taa za umeme. Nilisoma mahali kwamba Ulaya wanafanya hivyo. Mteja wangu wa kwanza angekuwa mama yangu mzazi, kule kijijini Kisiwani.

Taa nilizipata kwenye mnada. Shamba la mkonge alilofanyia kazi baba lilipouzwa, mwenye mali mpya alitoa nje vitu vyote vya ofisini, nami nikaondoka na tyubu nne ndefu, zimeanza kuwa nyeusi kwenye ncha. Ndizo zilizomwangazia karani siku alipopiga chapa barua ya kumpunguza baba kazini. Baba hakuumaliza mwaka. Tangu hapo mama anaishi kwa nyanya zake. Kwa hiyo mtaelewa nilivyojiona mjanja: taa zilizotufukarisha sasa zitatulisha.

Nikazifunga darini, juu kabisa. (Jua si liko juu?)

Kisha nikateremka Kisiwani kumpa mama habari. Nilimkuta akichekecha majivu kwa ajili ya kitalu chake, kilekile cha kila mwaka: tuta la samadi, majivu kidogo, na nyasi juu za kuzuia jua. Mbegu zake za akiba alikuwa amezifunga kwenye pindo la khanga.

"Mama, achana na haya mambo ya kizamani," nikamwambia. "Mimi nina mbegu za kopo na nina taa. Mwaka huu usisie kitu."

"Una hakika?"

"Mama, mimi ndiye ninayewafundisha watu mimea."

Akatabasamu. Siku hiyohiyo akampa mbegu zake zote jirani yake, Namkunda, mama wa watoto watatu ambaye shamba lake linapakana na letu. Mimi nikarudi mjini nikiwa nimevimba kichwa.

Mbegu zikaota vizuri. Chumba changu kikawa kinawaka tangu alfajiri hadi jioni, siku ambazo mgao wa umeme ulituruhusu. Watu mtaani wakasema mwalimu amefungua kibanda cha video. Jirani mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alibisha hodi saa kumi na mbili jioni akauliza kama leo tunaonyesha karate. Nikamwonyesha miche. Akaondoka bila kuaga.

Miche ikarefuka. Nilikuwa naipima kwa rula kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na kila asubuhi nilipiga mluzi. Ilikuwa mirefu, myembamba, rangi ya kijani kilichochujuka, na yote imeinamisha vichwa kuelekea taa. Ilipoanza kulala nikaifunga kwa uzi kwenye njiti za fagio, mmoja mmoja. (Mche wa wiki nne unaotembelea mkongojo, na mimi bado sikushtuka.)

Basi, leo ndiyo ilikuwa siku ya zamu ya maji ya mama. Pale Kisiwani maji yanatoka kwenye ndiva, lile bwawa la wazee lililoko juu ya mashamba, na kila shamba lina zamu yake. Mgawa maji ni Mzee Mbonea, na sheria yake hata watoto wanaijua: shamba lisilo na mche halipewi maji, zamu inahamia kwa jirani. Ndiva imeshuka mpaka mawe yanaonekana. Alishatangaza kwamba huu ni mzunguko wa mwisho wa kupandia. Anayeukosa, amekosa msimu.

Nilifika na maboksi yangu nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara mmoja, nimeyafunika shuka mbili. Nilikuta watu wengi kuliko nilivyotaka, maana asubuhi kulikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, na kijiji kizima kilikuwa kimepitia shambani kumsaidia mama kupanda. Mashimo yalikuwa tayari. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Shambani, na kitenge cha kanisani!

Nikafunua shuka. "Mirefu hiyo," mtu mmoja akasema.

"Ndiyo utaalamu," nikajibu.

Mama akachukua mche mmoja akaugeuzageuza. "Mwanangu, hii miche inatafuta nini?"

"Inatafuta shamba, mama."

Watu wakacheka. (Hiyo ndiyo mara ya mwisho leo watu kucheka pamoja nami.) Nikayapanga maboksi kwenye tuta, juani, nikaanza kuwahutubia habari za nafasi kati ya mche na mche. Mnanijua nikishika chaki. Hata nisipokuwa nayo, siachi mapema. Miche ile tangu izaliwe haikuwahi kuguswa na jua wala upepo, na jua la Kisiwani saa nne asubuhi halina huruma na mgeni.

Nilipogeuka, yote ilikuwa imelala. Boksi la kwanza, la pili, la tatu. Imelegea kama mchicha uliokwisha kuchemshwa. Nikaushika mmoja niupande hivyohivyo, shina likakatika vidoleni. Nikashika mwingine. Nao vilevile. Watu wakaegemea majembe yao wakinitazama.

Mzee Mbonea alikuwa amesimama kwenye mdomo wa mfereji. "Mwalimu, nifungue au nisifungue?"

Hapo ndipo Namkunda alipokuja mbele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Darasani hunikumbuki. Ulinifundisha Kidato cha Tatu."

Nikasema namkumbuka. Uongo.

"Lile swali la mche uliokaa penye mwanga hafifu, kwa nini unarefuka na kupauka. Lilikuwa la alama ngapi?"

"Kumi," nikasema. Bado natoa swali hilohilo kila mwaka.

"Mimi niliandika kwamba mche unautafuta mwanga. Ukanipa mbili, kwa sababu sikuandika lile neno refu la Kiingereza. Halafu chini ukaandika kwa wino mwekundu, 'Jembe linakusubiri.'"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Nilitamani mfereji ule unibebe pamoja na maboksi yangu.

Mama alikuwa bado ameushika ule mche. Akauweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akamgeukia Mzee Mbonea.

"Maji yapeleke kwa Namkunda," akasema. Kisha akawatazama watu. "Mwanangu ana kazi nyingi shuleni. Amechoka tu."

Ndugu zangu, mimi nimewahi kutukanwa na wazazi na nimewahi kufokewa na mkaguzi mbele ya darasa. Hakuna kilichowahi kuniuma kama mama kunitetea.

Maji yakapita mbele ya shamba letu yakaenda kwa jirani. Watu wakahama na majembe yao. Miche ya Namkunda ilikuwa mifupi, minene, mashina yana rangi ya zambarau, imesimama yenyewe bila njiti. Ilitoka kwenye mbegu za pindo la khanga ya mama. Nikapiga magoti nikapanda pamoja na wengine, na hakuna aliyeniomba nihutubie. Tulipofika mwisho Namkunda akamwambia mama, "Mstari huu wa pembeni ni wako. Utavuna mwenyewe." Mama akashukuru. Mwenye shamba na mwenye mbegu, msimu huu ana mstari mmoja kwenye shamba la mtu.

Nimerudi Same na maboksi matupu. Kesho asubuhi nina Kidato cha Tatu, na mada iliyoandikwa kwenye maandalio ya somo ni mimea na mwanga. Barua hii msiisome kwa sauti, wala msiibandike ubaoni. Na tafadhali, asicheke mtu kabla mama yangu hajacheka.