Nusukaputi ya Bijou

Jumapili, 7 Novemba 2010

Mdomo huu utaniua. Tangu leo mchana mimi ni daktari wa mifugo.

Ilikuwa baada ya ibada ya Kiswahili, tunakunywa kahawa. Josiane hakunywa. Alikaa na koti lake mwilini, macho mekundu. Josiane wa Fisksätra, mjane, mpishi wa shule, mtu wa Bukavu. Mwaka wa pili huu namtamani kimyakimya. Leo nilikionea wivu hata kile kikombe alichokishika bila kunywa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema Bijou wake hali kitu. Mate yanamtoka, anasogelea chakula, anakinusa, anarudi nyuma.

Bijou ni simbilisi. Mnyama wa manyoya, hana mkia, anatosha viganja viwili. Kwao Bukavu wanamwita dende na wanamfuga jikoni awe kitoweo. Huyu haliwi. Huyu ana jina la Kifaransa na mto wake kwenye sofa.

Mara Cyprian huyo! Mtanzania mwenzangu, mhandisi wa simu kule Kista. Ana Volvo na meno yote. Akamwambia Josiane asihangaike, gari lipo, atampeleka popote. Josiane akamtazama kwa shukrani. Na mimi nina nini? Kadi ya treni. Nikasikia sauti inasema kwamba kabla ya kuja Ulaya nilikuwa daktari wa mifugo wa mkoa mzima wa Kagera. Nikageuka kumtafuta msemaji. Kumbe ni mimi!

Si uongo sana. Nilifanya kazi kwenye josho la ng'ombe Karagwe, msimu mmoja. Nilikuwa nawasukuma waingie kwenye dawa. Ng'ombe ana miguu minne, simbilisi ana miguu minne.

Josiane alinishika mkono wa koti. Papa Vedasto, akasema, kumbe! Na miaka yote hii umekaa kimya? Nikasema sipendi kujikweza.

Jumatano, 10 Novemba

Nimekwenda Fisksätra kumwona mgonjwa. Nilivaa tai. Nilimfungua mdomo kwa utaalamu mkubwa, akaning'ata kidole. Nikasema vizuri, taya lina nguvu.

Kwa bahati kliniki imeshamwangalia kabla yangu. Magego yamerefuka mpaka yanamkata ulimi. Yatasagwa Jumanne, kwa nusukaputi. Josiane haogopi kusagwa, anaogopa nusukaputi. Kiumbe kidogo namna hii, akilazwa ataamka kweli?

Akanimiminia chai. Akaniambia jikoni kwa mama yake sakafu nzima ilikuwa dende. Ukiingia na majani wanalia wote pamoja, wiii, wiii, mpaka mnashindwa kusikilizana. Sasa watoto wake wamekua, wamehama, na akiwapigia simu kwa Kiswahili wanajibu Kiswidi. Bijou peke yake akisikia friji inafunguka analia vile vile. Akasema akifa huyu, nyumba itanyamaza.

Nilitaka kumwambia mimi pia naweza kupiga kelele. Nikala mkate.

Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ya bluu, imepauka. Sijui kwa nini naiandika. Nilitamani kubaki pale mpaka baridi iishe, niwe ninaosha vyombo tu. Badala yake nikasimama, nikasema nusukaputi yote ni maandalizi, na maandalizi niachiwe mimi. Kwangu Hagsätra ni karibu na kliniki. Amlete kwangu Jumatatu, Jumanne nitampeleka mwenyewe. Cyprian hatahitajika. Akanishukuru kwa Kifaransa, merci, docteur. Docteur! Nilipitiliza kituo kimoja nikirudi.

Jumatatu, 15 Novemba

Bijou yuko kwangu. Josiane kamleta kwenye kikapu, na nyasi kavu mfuko mzima, pilipili hoho zilizokatwa vidogo vidogo, na bomba la sindano la uji wake. Kaniagiza nimlishe kila baada ya muda mfupi. Nikaitikia. Alipotoka tu nikaviweka vyote juu ya kabati.

Kwani mimi mjinga? Nilipofanyiwa operesheni ya ngiri nilikatazwa kula tangu jana yake, hata maji. Hiyo ndiyo nusukaputi. Mapenzi ya Josiane yanamfumba macho, lakini daktari lazima awe na moyo mgumu. Isitoshe kanisani tukiwa na jambo zito tunafunga. Basi nimefunga naye, tushirikiane. Mchana nilifungua friji kwa bahati mbaya. Alilia wiii mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamwambia avumilie, hata mimi nasikia harufu ya samaki.

Jioni Josiane kapiga simu. Hakutaka kuzungumza na mimi. Alitaka niiweke simu sikioni kwa Bijou. Nikapiga magoti, nikaishika. Akamwambia mpenzi wangu, roho yangu, usiogope, kesho utalala kidogo tu, mimi nipo, sitakwenda popote. Kwa sauti ile ya chini ambayo sijawahi kuambiwa na mtu yeyote katika nchi hii. Niliyasikia yote. Magoti yaliuma, sikuthubutu kusogea. Halafu akauliza kama amekula vizuri. Nikasema anaendelea kama inavyotakiwa.

Nimemwonea wivu simbilisi. Nimefikia hapo.

Jumanne, 16 Novemba

Nimeumbuka. Nimeumbuka hadharani, kwa lugha mbili.

Kufika kliniki, nani kakaa pale? Josiane, ameomba ruhusa kazini. Pembeni yake Cyprian, anachezea funguo za Volvo. Nikakaza tai.

Muuguzi ni dada wa Tanga, anaitwa Ziada. Akampima Bijou kwenye mizani ndogo ya gramu, akakunja uso. Akauliza kwa Kiswidi amekula saa ngapi mara ya mwisho. Nikajibu kwa sauti, ili na Cyprian asikie, kwamba tangu jana hajatia kitu mdomoni, hata tone la maji. Nikasubiri pongezi.

Ziada akaacha Kiswidi. Akaniuliza, kaka, umefanya nini?

Kumbe binadamu anakatazwa kula asije akatapika usingizini. Simbilisi hatapiki. Hawezi, hakuumbwa hivyo. Tumbo lake linatakiwa lisage muda wote. Likisimama linajaa gesi, ini linachoka, na mnyama anaweza kufa hata kabla ya kuguswa na dawa. Anatakiwa ale mpaka karibu na saa yake, kisha anasafishwa mdomo tu. Na huyu tayari alikuwa anakula kidogo! Daktari akaja, akamsikiliza tumbo, akasema leo halazwi. Atabaki pale, alishwe kwa bomba la sindano, apewe maji chini ya ngozi. Ijumaa wataona.

Nikasema Kagera tuna utaratibu tofauti, kwa sababu ya mwinuko. Cyprian akakohoa. Kikohozi kile nakijua, kilikuwa kicheko.

Josiane hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniangalia tu, akaingia kwenye Volvo, na kile kikapu kitupu mapajani.

Jumatano, 17 Novemba

Kista. Mimi ndiye ninayesafisha ghorofa anayofanyia kazi Cyprian, ingawa yeye hajui ni nani anayemwaga taka zake. Anamwambia kila mtu ameacha vitu vitamu. Kapu lake limejaa karatasi za chokoleti. Leo nimemwekea mfuko wenye tundu.

Haikunisaidia. Nikipiga deki nasikia ile "roho yangu". Kama Bijou atakufa ni mimi niliyemuua, na sitaweza tena hata kukaa benchi moja na yule mama kanisani.

Ziada alisema kitu kingine: viumbe vidogo hupoa upesi vikilazwa, na vikipoa haviamki vizuri. Nimechukua sweta langu la sufu, zuri, la pekee. Nimekata mkono mmoja, nikashona mwisho wake. Mfuko wa kulalia. Nimejichoma sindano kidoleni, pale pale alipong'ata Bijou.

Ijumaa, 19 Novemba

Sijui niandike nini kwanza. Yu hai!

Cyprian hakuja, ana mkutano. Mungu abariki mikutano! Tulikuwa Josiane na mimi, na mzee mmoja wa Kiswidi na kasuku wake. Nikampa Ziada ule mkono wa sweta, nikitegemea kuchekwa. Akaupapasa, akasema wao wana mkeka wa joto kwa operesheni, ila huu utamfaa akizinduka.

Akatueleza yote polepole. Amekula asubuhi hii mwenyewe. Wamempima tena, dawa imepigiwa hesabu kwa gramu zake. Atachomwa sindano ndogo ya kumtuliza, sehemu tulivu, mbali na mbwa, kwa sababu woga nao unaua. Kisha gesi ya usingizi kwa barakoa ndogo kama kifuniko cha chupa. Marhamu machoni, maana hulala macho wazi. Na yeye Ziada hatatoka pale hata dakika moja, kazi yake ni kusikiliza moyo na kuhesabu pumzi, basi. Josiane akauliza ataamka? Ziada akasema hawezi kumwapia, ila atamlinda kama mtoto wake.

Mlango ukafungwa. Josiane akaushika mkono wangu. Mkono mzima, si wa koti! Ulikuwa wa baridi, na vidole vimeparara kwa sabuni ya shule. Niliomba kwa Kihaya, maana kwa mambo makubwa Kiswahili hakinitoshi. Niliomba simbilisi apone. Niliomba pia, Mungu anisamehe, asipone haraka.

Akapona haraka. Ziada akatoka naye ndani ya mkono wa sweta langu, kichwa tu kinaonekana, kinayumba. Kabla hatujaondoka alikuwa anatafuna. Josiane alilia, akacheka, akalia.

Halafu kituoni akaniambia. Alijua mimi si daktari tangu siku niliyong'atwa. Nilimshika Bijou kama mtu aliyeshika kiazi cha moto. Alimwacha kwangu kwa sababu aliniona nimempenda, hakufikiri ningemnyima nyasi. Nikataka ardhi inimeze. Akasema madaktari wako tele mji huu. Anachokosa ni mtu wa kula naye ugali na sombe, kisamvu cha kwao, Jumapili, na kuongea mpaka chakula kipoe. Nije. Nije hivi hivi nilivyo, nisilete kitu. Akaniita Vedasto, bila Papa.

Treni yake ikaja. Nilisimama pale mpaka nyingine mbili zikapita.

Jumapili, 21 Novemba

Nimelifikiria sana hili neno "hivi hivi nilivyo". Hakuna mwanamke anayemtaka mtu hivi hivi alivyo. Huo ni mtihani. Ukikimbilia ugali mara moja, unaonekana mwenye njaa. Mwanamume lazima akosekane kwanza ndipo atafutwe. Josiane mwenyewe anamkumbuka nani sana? Mama yake, aliye mbali! Basi jana nilimwandikia ujumbe kwamba nasikitika, nimeitwa mji wa Uppsala kwenye kongamano la nusukaputi ya wanyama wadogo. Nitasoma mada. Hajajibu.

Leo nimenyoa, nimepiga pasi shati jeupe. La nini, wakati siendi? Nimekaanga mayai. Nimeyala kwa kusimama.

Saa nane simu imelia. Josiane! Sikupokea. Mtu wa kongamanoni hapokei. Ikalia tena. Nikaiwekea taulo juu, kisha nikaliondoa taulo nione jina lake.

Ameacha ujumbe. Anasema chakula kipo mezani. Amekwisha kumuuliza Ziada, hakuna kongamano lolote Uppsala, na hajakasirika, amecheka tu. Bijou anakula vizuri. Cyprian alipiga simu akitaka kuja, amemwambia ana mgeni. Anasema treni ya saa tisa bado naiwahi, nikitoka sasa. Anasema, njoo basi, Vedasto.

Nimeusikiliza tena na tena. Sauti ile ile ya chini! Na safari hii ni yangu, yote. Nimevaa koti. Nimefika mlangoni, kadi ya treni mkononi.

Nimelivua koti. Kutoka Uppsala mtu hawezi kuiwahi treni ya saa tisa. Nikitokea sasa hivi ataniona mwongo.