Nilikuwa Naikokota

Jumatatu, 9 Septemba

Siku mbaya. Nimemgonga Fundi.

Niandike mambo kama yalivyokuwa, maana shajara haiitwi kutoa ushahidi. Kazi yangu ni kupeleka meno. Maabara ya meno ya bandia iko juu ya mteremko, kliniki ya Daktari iko chini, na katikati niko mimi na baiskeli yangu, meno ya watu kwenye boksi juu ya keria. Barabarani kuna malori. Kwa hiyo mimi hupita kando, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kama kila mtu anayependa uhai wake. Saa nne asubuhi nilikuwa nashuka. Kasi nzuri. Miguu yote miwili kwenye pedali. Kengele nilipiga! Fundi wa cherehani, yule mama mjane mwenye kibaraza karibu na kona, alikuwa anarudi kinyumenyume akitazama pindo la gauni alilolivalisha sanamu lake. Lile sanamu mtaa mzima tunaliita Bi Harusi. Kinyumenyume! Nani hutembea kinyumenyume njiani?

Kifundo cha mkono wake wa kulia kimevunjika. Plasta, wiki sita. Meno ni mazima.

Askari alikuja, akaniuliza swali moja tu: nilikuwa naendesha au naikokota? Akaeleza kwamba anayeendesha baiskeli kwenye njia ya watu, dhima ni yake. Anayeikokota ni mwenda kwa miguu kama wengine, na hapo wataangalia nini kilikuwa kimezuia njia. Akili ilikuwa bado inafikiri. Mdomo ukajibu. Nilikuwa naikokota.

Shauri litasikilizwa Ijumaa, saa tisa alasiri, Baraza la Usuluhishi la mtaa. Daktari ameniambia nikionekana na kosa nitafute kazi nyingine, kwa sababu kliniki yake inatengeneza watu, haivunji.

Jumanne, 10 Septemba

Kinyozi ameona kila kitu! Duka lake linatazamana na kibaraza cha Fundi, na mtu huyu tangu lini akakata nywele bila kuchungulia nje? Anamwambia kila mteja kwamba aliona miguu yangu yote miwili juu. Namjua. Ana kinyongo tangu nilipoanza kunyolewa kwingine.

Nilikwenda kumnyamazisha. Mbele ya wateja watatu nikamwambia haiwezekani nilikuwa naendesha, kwa sababu sijui kuendesha baiskeli. Mashine ya kunyolea ikabaki hewani. Wazo lenyewe sijui lilitoka wapi, ila ni wazo la kipaji. Mtu asiyejua kuendesha hawezi kushtakiwa kwa kuendesha. Kinyozi akauliza baiskeli ni ya nini basi. Nikajibu: ya kubebea boksi.

Mchana nimeikokota baiskeli mteremko mzima, kwenda na kurudi. Visigino vinawaka.

Halafu nikaongeza ushahidi. Nimefungua waya za breki, mbele na nyuma, nikazitupa. Baraza likitaka kuikagua, litakuta chombo ambacho hakuna mwenye akili angekipanda. Kila nikifikiria najipongeza.

Kitu kimoja kimeniharibia siku. Afisa wa manispaa alikuja na futi yake akapima. Bi Harusi amesimama nje ya mstari wa kibaraza kwa upana wa kiganja. Afisa akasema kama mimi nilikuwa naikokota tu, basi Fundi ameangushwa na vitu vyake mwenyewe, na kibaraza kitaondolewa. Fundi amekaa pale miaka kumi na tisa. Hilo sikulipanga. Mimi nilipanga la kwangu tu.

Nimefungua ukurasa wa jana na kufuta kwa kalamu sentensi ya miguu. Bado inasomeka.

Jumatano, 11 Septemba

Picha! Nimekaa nayo sebuleni miaka kumi na mitano na leo ndiyo nimeiona. Siku ya uchumba wetu. Mimi juu ya baiskeli, nimeachia usukani, mikono yote hewani. Mke wangu nyuma kwenye keria anacheka. Nimeitia chini ya godoro.

Mke wangu aliingia, akatazama ukuta, akaona pale peupe. Akauliza kama sasa na yeye hakupandishwa keria. Nikamweleza mpango wote kwa utulivu. Akasema yeye haendi kunishtaki kwa mtu, lakini Baraza likimwita na kumuuliza, atajibu, maana njia ya mwongo ni fupi na yeye hana nguvu za kuitembea na mimi. Akaitoa picha, akaipangusa, akaitundika. Kikulacho ki nguoni mwako!

Jioni nilimpelekea Fundi machungwa. Nilitaka kujua kama anakumbuka. Anakumbuka. Nilimkuta anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto, sindano ameibana kwa midomo. Nikamtungia. Akanishukuru, akaniita mwanangu. Akasema hanidai kitu, mifupa huunga. Anachotaka ni niseme tu mbele ya Baraza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu akiondolewa pale hana pengine pa kwenda, na wateja wake ni wapita njia.

Niliona haya. Naandika wazi, niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Neno lilifika kooni. Ndipo Kinyozi akatokea mlangoni kwake na kusema kwa sauti kwamba za mwizi ni arobaini. Neno likarudi lilikotoka. Siwezi kukiri mbele ya mtu yule.

Alhamisi, 12 Septemba

Mtego. Kinyozi aliazima baiskeli, akaiegemeza mbele ya duka, akanisubiri na nusu ya mtaa. Akanitaka nipande. Kama sijui, alisema, tuone usivyojua.

Nikapanda. Nikaanguka upande wa kulia. Safi kabisa. Nikapanda tena, nikaanguka wa kushoto, kwa haki. Nilidhani yameisha. Kumbe sikuwahesabu watu wema! Mwenye genge la mboga akasema ni aibu mtu mzima kuishi hivi, lazima nifundishwe. Akashika kiti. Mwingine akashika usukani. Wakanisukuma, wakanipigia makofi, wakaniambia nitazame mbele, nisitazame gurudumu. Nimeanguka mara kumi na nne. Mtu anayejua kuendesha kuanguka ni kazi, mwili unakataa. Mara ya kumi nilijisahau, nikaenda hatua ishirini nzuri kabisa, watu wakashangilia, ikabidi nijitupe kwenye masanduku ya nyanya.

Kinyozi hakushangilia. Alisema hajawahi kuona mtu anaanguka kwa uangalifu namna ile.

Goti limevimba. Ila nina mashahidi thelathini.

Na nina habari kubwa kuliko hiyo. Daktari amenipa ratiba ya kesho. Kuna meno ya taya la juu, kazi maalumu, ya nani? Ya Mwenyekiti wa Baraza! Mzee wa watu, mwalimu mkuu mstaafu, wiki ya tatu sasa anaongea huku amefunika mdomo kwa leso, na hakuna anayemwelewa. Maabara wanayatoa saa nne asubuhi. Nitayapeleka mwenyewe mkononi mwake kabla ya shauri. Si rushwa, ni meno yake. Lakini mtu aliyerudishiwa kutafuna, moyo wake utakuwaje kwa aliyemletea?

Ijumaa, 13 Septemba

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne maabara wakasema meno hayajang'arishwa. Saa sita, bado. Saa saba fundi wao alikwenda kula. Nilikaa kwenye benchi la mbao nikatazama saa ya ukutani mpaka macho yakaniuma. Saa nane na dakika arobaini wakanipa boksi. Dakika ishirini! Kwa miguu ni dakika arobaini na tano, na goti langu lile.

Nikaikokota mpaka nyuma ya ukuta wa maabara. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Mteremko ulikuwa mtupu. Nikasema nipande mpaka karibu na kona tu, pale nishuke, niikokote taratibu kama mtu mwema. Nikapanda.

Ilikuwa raha! Siku nne sijapanda. Upepo usoni, boksi mkono mmoja, usukani mwingine. Kona ilipokaribia nikabana breki.

Breki nilizitupa Jumanne.

Nikabana tena, sijui kwa imani gani. Nikaburuza viatu. Soli ya kushoto ilibaki njiani. Nikaikata kona, na mbele yangu, kwenye njia ya waenda kwa miguu, nikaliona Baraza zima limesimama. Wote. Kinyozi aliwaomba waje waione sehemu yenyewe! Mwenyekiti na leso yake katikati, Afisa na futi, askari, mashahidi wangu thelathini, na mke wangu. Nikapiga kengele. Nikapiga kelele kwamba sijui kuendesha. Hiyo ndiyo sentensi iliyonitoka, Mungu shahidi.

Watu waliruka. Mwenyekiti hakuruka, ni mzee, alibaki ameganda na mimi namjia kifuani. Niliona vifungo vya koti lake. Nilijua namuua mtu. Ndipo Fundi akamshika ukosi kwa ule mkono wake mmoja na kumvuta kibarazani. Nikapita mahali alipokuwa. Nikamkumbatia Bi Harusi, tukaingia mtaroni pamoja, yeye kichwa kikatoka. Mkono wangu wa boksi ulibaki juu. Meno hayakuguswa.

Hata Kinyozi aliinama kuangalia kama nimeumia, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nikatoka mtaroni, nikampa Mwenyekiti boksi. Akalifungua. Akatugeuzia mgongo. Tukasubiri, mtaa mzima, tukitazama kisogo cha mzee kinavyotikisika. Akageuka. Na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu tukasikia kila neno.

Akasema Bi Harusi asogezwe ndani upana wa kiganja, basi, kibaraza kibaki. Kosa la kiganja halivunji mkono. Dhima ni ya aliyekuwa juu ya baiskeli. Akaniamuru nikiri palepale, na nikakiri, miguu yote miwili, mbele ya mke wangu. Mpaka plasta itoke nitakuwa mkono wa kulia wa Fundi, kila siku saa tisa. Na baiskeli mtaa huu ikokotwe. Daktari, aliyefika akihema, akasema kazi nibaki nayo kwa kuwa meno yamefika mazima, ila nitembee.

Fundi aliniambia nije na miwani kesho.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimetunga sindano ishirini na mbili. Nimemshonea Bi Harusi shingo. Fundi anakata kwa jicho, mimi kwa mkasi, na nikienda kombo anagonga meza kwa plasta. Alicheka mara moja. Nilirudi nyumbani mwepesi.

Nimebadilika kabisa. Nimemwambia mke wangu. Akasema vizuri, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 25 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko utavumiliwa.

Leo maabara walinichelewesha. Saa tisa kasoro dakika saba, na mimi bado juu ya mteremko. Kumchelewesha Fundi, mama wa watu, baada ya yote? Moyo ulikataa. Nikafikiri vizuri, si kwa pupa kama zamani. Breki nimeshafunga mpya. Mguu mmoja kwenye pedali, mwingine unasukuma chini. Mwenye mguu chini huyo si mwenda kwa miguu? Angalau nusu. Sheria haisemi kitu kuhusu nusu. Na karibu na kona, kwa dakika moja tu, ule wa pili nao ukachoka.

Nilikata kona nikamkwepa Bi Harusi. Kwa mazoea. Nilimkwepa pale alipokuwa akisimama zamani, kabla hajasogezwa ndani. Upande niliokwepea kulikuwa na nguzo ya mbele ya duka la Kinyozi.

Kifundo cha mkono wa kulia. Wiki sita.

Fundi ndiye aliyenifikia kwanza. Alinikalisha kibarazani, akanifunga mkono shingoni kwa futi yake ya kitambaa, yeye anavuta ncha moja, mimi nyingine, mkono wa kushoto na mkono wa kushoto. Gauni la mteja lilikuwa mezani, nusu limeshonwa, la kuchukuliwa kesho. Alilitazama. Akatazama mikono yetu. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake, mashine imezimwa, anasikiliza.

Fundi akaniuliza, kwa upole kabisa, nilikuwa naendesha au naikokota.

Nikamwambia nilikuwa naikokota.