Hodhi Linalonesa

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu anakuja Jumapili. Tangu nije kutafuta kazi huku hatujaonana ila kwenye simu. Nalala chumba kimoja na Mpishi, ambaye hukoroma kama trekta linalopanda mlima. Humo huwezi kumkaribisha mke. Chumba cha mbele kiko wazi, kina dirisha na kitanda kipana, lakini mwenye nyumba hataki kukitoa. Tunamwita Bibi Funguo, kwa sababu husikika akija kabla hajaonekana.

Leo maji yamedondoka tena kwenye chai yake. Yanatoka kwenye hodhi la kuogea, bafuni kwetu ghorofani, juu ya jiko lake. Amesema atakayemtengenezea hodhi atapewa chumba cha mbele. Nikasema mimi, kabla hajafunga mdomo. Mpishi akasema afadhali aitwe fundi bomba, yeye anamjua mmoja. Nikamwambia asinipikie mambo yangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimebandua ubao wa ubavuni mwa hodhi, nikalala chali bafuni na kuchungulia chini yake kwa tochi ya simu. Ni la plastiki, limekaa juu ya miguu minne ya chuma. Mguu mmoja umevunjika, mwingine umezama kwenye ubao uliooza. Ukiingia, hodhi linanesa. Likinesa, linaachana na ukuta, na maji yanapita kwenye mwanya. Nimeyaelewa yote hayo mimi niliyeishia darasa la sita.

Nimenunua gundi ya silikoni, nikaziba mwanya pande zote, nikalainisha kwa kidole. Kazi safi. Nikampigia mke wangu kumwambia tuna chumba chenye dirisha. Akauliza kama nimeshakabidhiwa ufunguo. Mwanamke huyu ana shaka toka uchumba.

Alhamisi, 6 Machi
Mpishi ni mtu mzito. Leo kajaza hodhi hadi shingoni, akajibwaga humo kwa makusudi. Gundi ikabanduka kama plasta iliyolowa. Bibi Funguo akapanda ngazi na sufuria mkononi, ndani maji aliyoogea Mpishi. Sikumtazama usoni.

Mpishi, taulo kiunoni, akaeleza kwa upole kwamba kwa maneno ya yule fundi wake, hodhi hutegemezwa chini kwanza. Kisha hujazwa maji lishuke mpaka mwisho wake, ndipo huzibwa. Nikamuuliza mbona hakusema juzi.

"Kaka, si ulisema nisikupikie?"

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaza kutwa nzima mzigo ukiwa begani. Mimi ni mpakiaji ghalani. Hakuna anayejua kutegemeza kitu kutushinda sisi. Shehena ikiyumba kwenye lori, hatuiti fundi. Unaishindilia mifuko chini mpaka itulie.

Ghalani kuna mifuko ya saruji iliyochanika, na msimamizi huturuhusu kuichukua. Nimeileta kwa mkokoteni. Nikabandua tena ubao wa ubavuni mwa hodhi, nikashindilia mifuko kila upande, mpaka kulizunguka bomba la kutolea maji. Hata panya hapiti. Nikajaza hodhi hadi juu. Halikunesa hata chembe. Nikaziba ukutani, nikaliacha limejaa mpaka asubuhi, gundi ishike vizuri.

Jikoni halijadondoka tone. Bibi Funguo ameniita mwanangu. Ufunguo nitapewa kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi maji ya hodhi yalikuwa yamepungua nusu. Jikoni pakavu. Nikamshuku Mpishi kuyachota. Akaapa hajayagusa. Kisha akapiga magoti, akagonga mfuko mmoja kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Akagonga mwingine. Ko, ko, ko.

Kumbe kiungo cha bomba nacho kilikuwa kikivuja, muda wote huo. Saruji imekunywa maji, ikashikana. Chini ya hodhi sasa kuna jiwe moja, na bomba limo ndani yake.

Fundi bomba wa Mpishi akaitwa. Akachungulia, akavua kofia, akauliza marehemu ni nani. Akasema hawezi kugusa kitu mpaka mwashi aje kuvunja, na kwamba uzito wote huo umekaa juu ya jiko la Bibi Funguo. Nikamkumbusha mama wa watu kwamba hodhi halivuji tena. Ni kweli, halivuji. Lakini ufunguo ameurudisha kwenye shada lake, na sasa anapika akitazama juu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu amefika, amenawiri. Kabla sijatua begi lake, Bibi Funguo alikuwa ameshamsimulia yote, na saruji, na marehemu. Walicheka mpaka wakashikana mikono. Kisha mama huyo akampa ufunguo wa chumba cha mbele. Mgeni hana kosa, alisema. Mimi nibaki kwa Mpishi mpaka jiwe litoke.

Nikamtazama mke wangu anitetee. Akasema neno la mwenye nyumba haliwezi kupingwa. Akaenda kuoga, akakaa humo hata Mpishi akaanza kugonga mlango. Akatoka akasema hajawahi kuona hodhi lililotulia namna ile.

Jioni tumekaa ngazini, bega kwa bega, akinipa habari za watoto. Bibi Funguo akakohoa. Tukaagana kama wachumba.

Jumatano, 12 Machi
Mwashi hajatokea. Mpishi anakoroma.

Mke wangu amesema kitanda cha chumba cha mbele kinayumba, mguu mmoja ni mfupi. Bibi Funguo akasema ataita seremala. Nikamuwahi mlangoni. Nikamwambia nikikitengeneza leo, basi na mimi nilale humo na mke wangu. Alifikiri sana huku akizichezesha funguo, mwisho akakubali. Mke wangu ndiye aliyeomba, kwa heshima zote, aitwe seremala. Sijui woga huu kautoa wapi.

Mpishi ana msumeno wa kukatia mifupa. Nimeshauazima. Kitanda ni mbao tu, hakina maji.