Mashauri Kumi na Mawili ya Kompyuta na Sauti ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa nane. Kasongo.

Leo nimeanza. Hakuna kurudi nyuma! Kompyuta niliyonunua kwa yule bwana wa shirika aliyehama ina mwaka mzima nyumbani, na kazi yake mpaka leo ni kufunikwa kitambaa ili wageni waulize chini yake kuna nini. Basi. Nimenakili kutoka intaneti mashauri kumi na mawili kwa wenye kompyuta nyumbani. Yako kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu. Anayeyafuata yote, anasema mwandishi, hatapoteza kitu.

Na bahati imekuja yenyewe. Simu ya mke wangu Soraya inakufa. Imejaa, inazimika katikati ya maneno. Ndani ya kadi yake mna sauti ya marehemu mama yake, Bi Subira, akiimba kaswida kwenye Maulidi ya mwaka juzi. Dakika sita. Hakuna nyingine duniani. Jumapili hii ni arobaini ya mama, na Soraya anataka ukoo wote uisikie baada ya dua.

Shemeji yangu Nourdine, mdogo wake Soraya, akadakia kwamba aiweke yeye kwenye simu yake mpya. Simu yenye macho matatu mgongoni, na mwenyewe bado haoni mbali! Nikasimama. Nikaapa mbele ya wakwe: sauti itakaa kwenye kompyuta yangu, na Jumapili itasikika uani kwa spika mbili. Nourdine akacheka kwa pua. Soraya akaniwekea kadi mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake, akasema yeye hana mama mwingine wa kumrekodi.

Nimeinakili. Imeingia! Nimeisikiliza yote. Bi Subira alinipenda kidogo sana, lakini kuimba alijua.

Jumanne, tarehe 6

Shauri la kwanza: nenosiri liwe gumu, lisiwe jina lako wala la mtoto wako. Nimefikiri asubuhi nzima. Nimepata: SimbaMbuziWaNourdineAlikufa2019. Ni kweli tupu. Mbuzi aliitwa Simba, na alikufa. Mwizi gani ataotea? Daftari linakataza kuliandika popote, kwa hiyo nimemnong'oneza jirani yetu mama Albertine, mwimbaji wa kwaya ya parokia, mtu wa siri.

Saa tisa nimerudi kutoka dukani nikiwa nimelisahau. Nikamwuliza mama Albertine juu ya ua. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kwa kelele za kinu chake akanijibu kwa sauti ya kwaya. Simba, mbuzi, Nourdine, alikufa, herufi kubwa wapi, herufi ndogo wapi, na mwaka. Wapita njia wakasimama. Mmoja wao ni Nourdine. Akataka kujua marehemu mbuzi wake anatafuta nini ndani ya mashine yangu.

Nimeliacha hivyo hivyo. Mtaa mzima ukilijua, siwezi kulisahau tena. Nashangaa mwandishi hakuliwaza hili.

Jumatano, tarehe 7

Shauri la tatu: kitu cha thamani kiwe na nakala, na nakala ikae mbali na nyumba, kwa sababu ya moto, maji na wezi. Nourdine amesema nimpe yeye, anakaa nyumba ya tatu. Nyumba ya tatu! Moto ukiwaka hapa kwa ukavu huu wa kiangazi, nyumba ya tatu ni kuni. Mimi nikisema mbali, ni mbali. Kabambare! Huko yuko rafiki yangu Marcellin, mwalimu, mtu asiyeibiwa kwa sababu hana kitu. Atailaza siku mbili, kisha irudi kwa ajili ya Jumapili.

Nimetia sauti kwenye flash, flash kwenye kikopo cha dawa ya mafua, kikopo kwenye uzi, uzi shingoni mwa Ruphin, dereva wa pikipiki anayezunguka Wamaza, Salamabila na Kabambare. Nimemwambia kitu hiki ni roho. Amesema nisihofu. Mizigo yake hufika daima, ni abiria tu ndio huanguka.

Alhamisi, tarehe 8

Shauri la nne, zuri kuliko yote: kompyuta ikiwa nzito, futa vitu vilivyo mara mbili. Nimekaa, nimehesabu kwa utulivu. Sauti iko kwenye kadi. Iko kwenye kompyuta. Iko kwenye flash. Mara tatu! Uchafu gani huu?

Nimefuta ya kwenye kompyuta. Nimemwaga na pipa la takataka, maana mimi si mtu wa nusu nusu. Kisha kadi, nayo nimeisafisha yote. Simu ya Soraya sasa inafunguka kabla hujaigusa. Sauti imebaki moja, mahali pamoja, mbali na moto. Huo ndio utaratibu. Soraya amefurahia simu mpaka amenipikia wali na samaki. Hakuuliza simu imeponaje. Nimekula.

Ijumaa, tarehe 9

Baada ya swala nimempigia Marcellin. Ruphin amefika, kikopo kimefika, flash nzima. Alhamdulillahi! Marcellin akanishukuru kwa muda mrefu. Nyimbo arobaini na mbili za rumba, akasema, hakuna hata moja inayokatika, walimu wote wamecheza. Nikamwuliza, na Bi Subira? Akauliza Bi Subira ni wa orkestra gani.

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi mbele ya msikiti.

Akampa Ruphin simu. Na Ruphin, kwa moyo safi kabisa: "Papa Kassimu, ile flash ilikuwa mutupu! Mama mumoja tu anaimba, hata gita hakuna. Mutu anatumaka chombo mutupu kwa rafiki yake?"

Nimeelewa, na hilo ndilo baya zaidi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa mboga, unatia hata ndizi mbili. Ruphin alipitia Salamabila kwanza kushusha abiria, akachomeka flash yangu kwenye redio ya pikipiki, akaona haya kwa niaba yangu. Akaipeleka kwenye duka la kutia miziki. Wakaifuta ikawa safi, wakaijaza mpaka ukingoni. Alikuwa anangoja asante. Nikasema asante. Ningefanyaje?

Dakika sita za Soraya, na mimi ndiye niliyezifuta, kila mahali, kwa mpangilio. Nimezunguka soko mara tatu kwa kuogopa kurudi nyumbani.

Jumamosi, tarehe 10

Sikati tamaa! Shauri la kumi na mbili: kabla ya kukata tamaa, zima kompyuta, iwashe tena. Nimezima na kuwasha mara kumi na tisa. Bi Subira hakurudi. Betri ya sola imeisha, mpaka jua la kesho.

Mpango mpya. Mama Albertine ana sauti. Sitauita udanganyifu, nitauita nakala ya mkono. Nimemfundisha kaswida nyuma ya banda la kuku, simu yangu ikirekodi. Aliimba vizuri mpaka nikafumba macho. Lakini kila akifika mwisho wa ubeti kwaya inamshinda, anamalizia na aleluya. Mara nne! Mara ya tano nikamwomba anyamaze kabla ya mwisho. Ikatoka "ale".

Akauliza kwa nini namtaka aimbe wimbo wa marehemu. Mwanamume aliyejificha na mke wa mwenzake nyuma ya kuku hana budi kusema ukweli. Nikasema wote. Hakucheka. "Papa Kassimu, enda umuambie muke yako leo," akasema. "Kesho itakuwa mbele ya watu."

Nikaenda. Kweli nilikwenda. Soraya alikuwa anapeta mchele wa arobaini na kuiimba kaswida polepole, akikosea pale mama yake alipokuwa akishusha sauti. Akaniambia kesho atasikiliza vizuri apashike. Nikafungua mdomo. Nikamwuliza kama chumvi itatosha.

Mimi ni mwoga. Nimeandika, isomeke.

Jumapili, tarehe 11

Watu sitini. Hitima imesomwa, dua imekwisha. Kompyuta mezani bila kitambaa, spika mbili, Nourdine mbele kabisa, mikono kifuani. Nilikuja na mipango miwili: virusi, au kuzimia. Soraya akaketi mkekani, akavuta ushungi, akaniangalia bila shaka yoyote. Mipango yote miwili ikanitoka.

Nikasimama. Nikasema: Soraya, nisamehe, mama hayumo humu ndani.

Hapo pikipiki ikakata kona na kuingia uani, redio juu kabisa. Bi Subira!

Hakuna gita, hakuna ngoma. Sauti yake, na ile pumzi kabla ya ubeti wa pili, na jogoo aliyewika siku ile ile. Ruphin alipoona mkusanyiko akataka kuzima redio kwa heshima. Soraya akampigia kelele asithubutu. Pikipiki ikasimama katikati ya watu, injini kimya, redio ikiimba dakika zote sita, na watu wazima wakalia. Soraya aliweka mkono juu ya tanki la mafuta, bado la moto, na hakuuondoa. Pale sauti iliposhuka, naye akaishusha pamoja na mama yake. Nililia bila haya. Nourdine naye.

Ruphin alieleza akila. Yule mwenye duka wa Salamabila hafuti kitu kabla ya kukinakili kwake, ndivyo anavyokusanya nyimbo. Akaipiga dukani asubuhi moja, na wachimba dhahabu wamempenda huyu mama kupita kiasi. Jana Ruphin alirudi huko kuchukua abiria, akaiomba kwa ajili ya barabara. Inamzuia kusinzia.

Soraya akanishika mkono mbele ya ukoo wote. Akasema hakujua kwamba nimepanga kumleta mama namna hii, kama mtu anayerudi safari. Mama Albertine alinitazama. Nikasema ilikuwa kazi, lakini nilijitahidi.

Jumatatu, tarehe 12

Nimepitia daftari lote. Kosa silioni. Nakala ilitakiwa kuwa mbali, nayo ilikuwa mbali. Mwandishi yule ni mtu wa maana sana. Hata Nourdine sasa anataka kujifunza. Ameniuliza mara tatu nilifanyaje, akinikazia macho kabisa.

Tatizo ni moja. Jana kila mtu alichukua sauti kutoka kwa Ruphin: Soraya, Nourdine, shangazi wawili, hata mama Albertine. Leo simu zote tano ziko mezani kwangu zinachaji, wenyewe wameenda mtoni kuosha masufuria ya hitima. Nimezitazama. Kitu kile kile mara tano!

Shauri la nne liko wazi. Nimeanza na simu ya Nourdine, nenosiri lake nimeliotea mara ya kwanza: simba. Zimebaki mbili. Ruphin nimemwomba afute na yake, akakubali, ni mtu mwema. Itabaki moja tu, ya kwenye flash mpya, inayokwenda Kabambare saa nane. Na mtu asiseme sijifunzi. Safari hii, juu ya Bi Subira, nimetia nyimbo mbili za rumba, Ruphin asije akaiona tupu.